Mzee Mwenye Vijiwe vya Figo: Je, Apasuliwe?

Katika mji wa Kamembe na katika vijiji vyote vya wilaya ya Rusizi, hadi kule bondeni Bugarama, kuna neno ambalo husemwa mara mzee anapoambiwa hospitalini kwamba ana vijiwe vya figo na kwamba yafaa apasuliwe. Jamaa hutazamana, kisha mmoja wao husema: "Mzee wa umri huu haguswi na kisu. Tumrudishe nyumbani." Neno hilo hutoka katika mapenzi, wala hatuwezi kumlaumu alisemaye. Lakini mapenzi yasiyo na maarifa huweza kumfungia mgonjwa njia ya kupona.

Tuchukue mfano wa nyumba moja, ambayo yaweza kuwa nyumba yoyote miongoni mwetu. Mzee ana miaka 74, naye amelima mpunga Bugarama maisha yake yote. Mwanawe mmoja ni askari aliye kazini mbali, wa pili ni polisi, na binti yake ndiye akaaye naye. Kwa miezi mingi mzee amekuwa akilalamika maumivu ubavuni, chini ya mbavu, yanayokuja na kuondoka. Wiki moja maumivu yanakuja kwa nguvu, anatapika, na mkojo wake unageuka rangi kama ya chai. Katika hospitali ya wilaya anapimwa kwa altrasaundi. Kijiwe kinaonekana, na figo ya kushoto imevimba kwa kuwa mkojo hauna pa kupita. Daktari anaandika karatasi ya rufaa. Usiku ule simu zinapigwa huku na huku, na swali ni moja: "Baba ataweza kustahimili?"

Makala hii imekusudiwa kuwasaidia watu wa nyumba hiyo kulijibu swali lao kwa utulivu.

Vijiwe hutoka wapi

Figo zetu mbili huchuja damu mchana na usiku, na uchafu wote huteremka pamoja na mkojo kwa mirija miwili myembamba hadi kibofuni. Ndani ya mkojo mna chumvi za namna nyingi, kama kalsiamu, oksaleti na asidi ya yuriki. Maji yakiwa mengi, chumvi hizo hupita bila ya matata. Maji yakipungua, huanza kuganda, punje juu ya punje, hadi kikawa kijiwe.

Kwa hiyo mtu afanyaye kazi juani bila ya kunywa maji ya kutosha yumo katika hatari. Bonde la Bugarama ndilo sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na joto lake lajulikana. Mkulima wa mpunga, askari wa doria na polisi asimamaye barabarani tangu asubuhi, wote hutoka jasho jingi na kukojoa kidogo.

Kwa mzee mambo huwa mazito zaidi. Kadiri umri unavyosonga mbele, mwili hauhisi kiu kama zamani. Wazee wengine hujinyima maji makusudi ili wasiamke usiku. Tena wanaume wengi wa umri huo huvimba tezi dume, ile iliyoko chini ya kibofu. Mkojo usipotoka wote, vijiwe huweza kujiunda kibofuni humo humo.

Yafaa pia ifahamike kwamba mzee haonyeshi ugonjwa kama kijana. Kijana mwenye kijiwe hugaagaa kwa maumivu. Mzee aweza kukaa kimya tu, akakataa chakula, akawa mlegevu, au akaanza kuchanganyikiwa maneno, nasi tukasema ni uzee. Kuna na jambo jingine: maumivu makali ya ghafla ya ubavuni au mgongoni kwa mtu aliyepita miaka 60, ambaye hajawahi kuugua vijiwe, yaweza kuwa ni mshipa mkubwa wa damu wa tumboni unaopasuka. Kwa hiyo tusikae nyumbani tukisema "ni vijiwe tu." Apelekwe hospitali mara moja.

Watawala wawili na daktari mmoja

Historia inatupa mfano mzuri wa jambo hili. Katika karne ya 19 alikuwako London daktari mpasuaji jina lake Henry Thompson, mjuzi wa kuviponda vijiwe vya kibofu kwa chombo kinachoingizwa kwa njia ya mkojo, bila ya kulipasua tumbo. Mwaka 1863 aliitwa kumtibu Mfalme Leopold wa Kwanza wa Ubelgiji. Mfalme huyo alikuwa na umri wa miaka 72, umri mkubwa sana kwa zama zile. Kijiwe kilipondwa, naye akapona.

Miaka 10 baadaye daktari yule yule aliitwa kwa mgonjwa mwingine mashuhuri, Napoleon wa Tatu, aliyekuwa mtawala wa Ufaransa. Yeye alikuwa na miaka 64 tu, mdogo kuliko Leopold kwa miaka minane. Lakini habari zake zilikuwa nyingine. Mwanzoni mwa Julai 1870 daktari mmoja wa Paris alikwisha kutambua kwamba ana kijiwe kibofuni, na shauri lake halikufuatwa. Vita na Prussia vikaanza mwezi ule ule. Napoleon akaenda vitani akiwa na kijiwe chake, akapanda farasi kwa mateso makubwa, na tarehe 2 Septemba akasalimu amri huko Sedan. Alipopasuliwa huko Uingereza, Januari 1873, Thompson alikiponda kijiwe mara mbili. Kabla ya mara ya tatu, tarehe 9, mgonjwa akafariki. Maiti ilipochunguzwa, figo zilionekana zimeharibika vibaya kwa kuzibwa muda mrefu.

Daktari alikuwa yule yule, na kazi ilikuwa ya namna ile ile. Aliyepona ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. Aliyekufa ndiye aliyekawia hadi figo zikaharibika. Ni kweli kwamba hao walikuwa na vijiwe vya kibofu, na zama zile hapakuwa na dawa za kuua vijidudu kama zetu. Lakini somo lililomo ndani yake madaktari wa leo wanalikubali: umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu upasuaji. Linalotazamwa ni hali ya moyo wake, mapafu yake, figo zake na damu yake.

Kisu cha leo si kisu cha jana

Wengi wanapolisikia neno "upasuaji" hufikiri mkato mrefu ubavuni na kovu la maisha. Upasuaji wa namna hiyo bado upo, na pengine ndio ufaao, lakini siku hizi ziko njia nyingine tatu.

Njia ya kwanza ni kukivunja kijiwe kwa mawimbi yanayotoka nje ya mwili. Mgonjwa hulala juu ya mashine, nayo mawimbi hukipiga kijiwe hadi kiwe vipande vidogo vitokavyo kwa mkojo. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa hivyo alitibiwa mjini Munich, Ujerumani, Februari 1980. Hapana mkato wowote. Lakini njia hii haifai kwa kila kijiwe. Kikiwa kikubwa au kigumu sana, mara nyingi haitoshi au huhitaji kurudiwa. Wala haifanywi kwa mtu ambaye damu yake haigandi vizuri.

Njia ya pili ni kuingiza chombo chembamba chenye taa kwa njia ya mkojo, kupanda hadi kilipo kijiwe, na kukivunja huko huko. Hapa pia hapana mkato. Kwa wazee wengi njia hii huwa nyepesi kustahimili.

Njia ya tatu hutumika hasa kwa vijiwe vikubwa, vilivyozidi milimita 20. Daktari hutoboa tundu dogo mgongoni, akaingiza chombo hadi ndani ya figo, akakiponda kijiwe na kukitoa. Njia hii ilielezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa Uswidi mwaka 1976. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba wazee wenye miaka 70 na zaidi husafishika vijiwe karibu sawa na vijana. Lakini tusidanganyane: kwao matatizo ya baadaye, kama kutoka damu, homa au mapafu kujaa, hutokea zaidi, nao hukaa hospitali siku nyingi kuliko vijana. Ndiyo maana maandalizi ni nusu ya tiba.

Hatari iko wapi

Hatari ya kwanza ni vijidudu. Mkojo uliozuiwa ni kama maji ya dimbwi, nao huoza upesi. Daktari akigusa kijiwe kilichozungukwa na vijidudu, sumu yake yaweza kuingia katika damu na kumwangusha mgonjwa kwa saa chache. Kwa hiyo mkojo hupimwa kwanza, na vijidudu vikionekana hutibiwa kabla ya upasuaji. Jamaa wasinung'unike wakiambiwa wangoje siku kadhaa kwa ajili ya kipimo hicho.

Hatari ya pili ni moyo na mapafu. Mtaalamu wa usingizi hapana budi amwone mzee mapema na kuamua kama atatumia nusukaputi au sindano ya ganzi ya mgongoni. Mzee ambaye hupumua kwa shida akipanda kilima kidogo, au ambaye miguu huvimba, aseme. Avutaye tumbaku aache mara moja.

Hatari ya tatu ni damu. Wazee wengi wenye maradhi ya moyo hunywa aspirini au dawa nyingine za kuifanya damu iwe nyepesi. Daktari lazima ajue. Lakini mgonjwa asiziache kwa shauri lake mwenyewe, kwa maana kuziacha ghafla kwaweza kuleta kiharusi au kuziba kwa moyo. Daktari ndiye atakayesema ipi isimame, na kwa siku ngapi.

Hatari ya nne ni dawa tunazojinunulia. Diklofenaki na jamaa zake hupunguza maumivu ya kijiwe vizuri sana, lakini kwa mzee ambaye figo zake zimechoka, au mwenye shinikizo la damu, huweza kuziharibu figo kabisa zikinywewa ovyo. Mizizi na majani yasiyojulikana kipimo chake ni vivyo hivyo. Hata maji ya moto ya Mashyuza, ambayo watu wengi hupenda kuyaoga, huweza kumtuliza mtu mwili, lakini hayafiki figoni kukiyeyusha kijiwe.

Wakati ambao hapana kungoja

Kuna hali moja ambayo haina mashauri ya ukoo. Mgonjwa wa vijiwe akishikwa na homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika kabisa, au akianza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Maana yake huenda figo imezibwa na imeingiwa na vijidudu. Apelekwe hospitali saa ile ile, iwe mchana au usiku.

Hapo, mara nyingi daktari hakitoi kijiwe kwanza. Huweka kimrija ndani, kutoka figoni hadi kibofuni, au hupitisha mrija mgongoni, ili mkojo uliooza utoke. Kijiwe hutolewa baada ya wiki kadhaa, mgonjwa akiwa ametulia. Jamaa wasidhani kwamba daktari ameshindwa kazi. Hiyo ndiyo njia ya salama.

Si kila kijiwe hutolewa

Kwa upande mwingine, si kila mzee mwenye kijiwe apasuliwe. Kijiwe kidogo, cha chini ya milimita 5, mara nyingi hutoka chenyewe kwa maji na dawa za maumivu zilizoandikwa na daktari. Kijiwe kilichotulia figoni, kisichoziba wala kuuma, huweza kuangaliwa tu kwa vipimo vya kila baada ya muda. Tena yupo mzee ambaye maradhi mengine yamemlemea hata upasuaji usiwe na faida kwake. Huyo hupewa kimrija na kutunzwa asiumie. Uamuzi wa kutopasua ni halali, mradi umefanywa baada ya kupima na kuulizana, na mzee mwenyewe ameusikia. Asiamuliwe kana kwamba hayupo.

Safari na karatasi

Kwa wakazi wa Rusizi, mlango wa kwanza ni kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya kama Gihundwe au Mibilizi. Huko hupimwa mkojo, damu na altrasaundi. Mabingwa wa njia za mkojo hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za Huye na Kigali, na njia ya kufika huko hupita msitu wa Nyungwe wenye kona nyingi na baridi. Ni safari ya saa kadhaa. Mzee apewe nguo nzito, maji ya kunywa na nafasi ya kusimama njiani akojoe.

Mwenye mituweli asisahau karatasi ya rufaa, kwani bila ya hiyo aweza kudaiwa gharama yote. Askari mwenye bima ya MMI asidhani kwamba baba na mama wamo ndani yake. Aulize mapema ni jamaa gani walioandikwa, na ahakikishe mituweli ya wazazi imelipwa kabla ya mtu kuugua.

Mkiwa mbele ya daktari, ulizeni maswali haya bila ya kuona haya:

Kijiwe kina ukubwa gani, na kiko wapi?
Figo hiyo bado inafanya kazi, na figo ya pili je?
Mkojo umepimwa vijidudu?
Ni njia gani itakayotumika, na kwa nini si nyingine?
Tukingoja miezi mitatu, ni jambo gani laweza kutokea?
Je, kutawekwa kimrija ndani, na kitatolewa tarehe gani?

Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee. Kimrija hicho hakionekani kwa nje, na mzee akisha kupata nafuu huweza kukisahau. Kikikaa ndani kupita muda wake huota vijiwe juu yake, na kukitoa kukawa kazi ngumu kuliko ile ya kwanza. Tarehe iandikwe ukutani, na kila mtoto wa nyumba aijue, hata yule aliye kambini mbali.

Baada ya kurudi nyumbani

Mzee aliyepasuliwa asilazwe kitandani mchana kutwa. Aketi, avute pumzi ndefu, atembee hatua chache kila siku, ili damu isigande miguuni na mapafu yasijae. Siku za mwanzo aweza kuchanganyikiwa kidogo usiku. Mtu anayemfahamu akae karibu naye, na taa ndogo iwe inawaka. Mkojo wenye damu kidogo si ajabu. Damu nzito yenye mabonge, homa, au mkojo kukatika, arudishwe hospitali.

Katika miaka 10 baada ya kijiwe cha kwanza, karibu nusu ya wagonjwa wasiojilinda hupata kingine. Kinga yake ni maji. Kiasi kinachotakiwa ni kile kitakachotoa mkojo wa lita 2 na zaidi kwa siku, nao uwe mweupe au wa manjano hafifu. Mzee mwenye maradhi ya moyo au figo amwulize daktari kiasi chake. Ili asisumbuke usiku, maji mengi yanywewe tangu asubuhi hadi alasiri. Chumvi ipunguzwe mezani, nyama isizidi, na dodo zisiliwe kila siku kwa wingi. Lakini maziwa yasikatazwe. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa kijiwe kina kalsiamu, maziwa ni adui. Kumbe kalsiamu ya chakula huishika oksaleti tumboni isifike kwenye figo. Pombe nayo, iwe ya ndizi au ya chupa, si dawa ya vijiwe, ingawa humfanya mtu akojoe.

Turudi sasa kwa yule mzee wa Bugarama na simu za usiku. Figo yake imevimba, lakini hana homa. Kwa hiyo wanawe wanazo siku chache za kujipanga, hawana miezi. Binti akusanye dawa zote anazokunywa baba yake na kuzitia katika mfuko mmoja. Polisi aombe ruhusa amsindikize. Yule aliye mbali atume nauli, na azungumze na baba yake mwenyewe kwa simu, kwani mzee hujawa na moyo akisikia sauti ya mwanawe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa nyumba hii umeonekana ungali mdogo, nao wakati wa kuuziba ni wiki hii.